Jiko la Roketi Halipashi Nyumba kwa Jina Lake

Kipupwe kikiingia Ilongero, hoja ya kuni inageuka. Miezi mingine watu huuliza kuni zitoke wapi. Kuanzia Juni hadi Agosti wanauliza moto uwekwe wapi. Mji huu mdogo, yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, uko kwenye uwanda wa juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na upepo wake ni ule ule ambao kwa miaka mingi umezungumzwa kuwa utafua umeme mkoani Singida. Mchana jua linawaka vizuri tu. Usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 14 au 15, na upepo unapenya kati ya ukuta na bati hadi kwenye blanketi. Mtu wa Njombe atacheka akisikia hiyo nayo inaitwa baridi. Basi na alale usiku mmoja kwenye chumba kisicho na dari, halafu tuzungumze.

Hapo ndipo linapoingia jiko la roketi. Jina lake linavutia vijana, mafundi wa kuchomelea wanaliunda kwa vyuma chakavu, na kila anayelisifia ana lake la kusema. Mengi ya hayo yana ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayokula fedha za watu, na wakati mwingine pumzi zao. Nitayapitia kama ninavyoyasikia.

"Jiko linalopika kwa kuni chache ndilo hilo hilo litakalopasha nyumba."

Hili ndilo kosa mama, na limezaa mengine mengi. Jiko la roketi lilitokana na kazi ya Larry Winiarski, mhandisi Mmarekani wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa anatafuta namna ya kupika: kuni ziungue zote, moshi uungue kabla haujatoka, kisha hewa ya moto ibanwe ipite karibu kabisa na sufuria. Kila kipimo cha jiko hilo kimekusudiwa joto liingie kwenye chakula, lisipotelee pembeni.

Sasa angalia mafiga matatu. Wataalamu huyashutumu kwa sababu katika kila sehemu mia za joto la kuni, sufuria hupata kama kumi hadi ishirini tu. Hizo nyingine themanini na zaidi zinakwenda wapi? Nyingi zinatoka na moshi, lakini nyingine zinaingia kwenye mawe, kwenye sakafu, kwenye kuta za jiko la udongo, na kwenye miguu ya babu aliyesogeza kigoda. Mwenye kupima ufanisi huandika kuwa ni hasara. Babu haandiki hivyo. Ukimletea mama mwenye nyumba jiko zuri la roketi la kupikia, umempunguzia kuni, na papo hapo umemwondolea moto wa kuota. Ndiyo maana kaya nyingi zilizopewa majiko banifu hurudia mafiga baridi ikibana, na bwana miradi anaandika kwenye ripoti kwamba jamii ni ngumu kubadilika. Jamii inajua inachokifanya.

Kupika na kupasha ni kazi zinazovutana. La kupikia linataka kutoa joto lote haraka, mahali pamoja, kisha lizimwe. La kupasha linataka kulipokea joto haraka na kulitoa polepole hadi alfajiri. Anayetaka yote mawili ajenge sehemu mbili zilizounganishwa, na ajue ipi inafanya nini.

"Udongo ndio unaotunza joto, kwa hiyo tanuri liwe nene."

Kwa benchi, kweli. Kwa chemba ya moto, ni balaa.

Walioumizwa kwanza na fikra hii ni wataalamu wenyewe. Baada ya tetemeko la ardhi la Guatemala la mwaka 1976, Ianto Evans na wenzake wa Aprovecho walieneza jiko la tope na mchanga lililoitwa Lorena. Lilikuwa zuri kulitazama, rahisi kulijenga, na likasambaa nchi nyingi. Baadaye Aprovecho hao hao walilipima wakakuta kwamba lilichemsha maji polepole kuliko moto wa wazi uliowashwa kwa uangalifu, na kuni zikaenda zaidi. Sababu ni kwamba udongo mzito unanyonya joto. Moto unapoanza, ukuta mnene wa chemba unajipasha wenyewe kwanza, ndimi za moto zinapoa kabla hazijaungua sawasawa, na gesi ambazo zingewaka zinageuka kuwa moshi na masizi.

Chemba inataka kitu chepesi, chenye vijitundu vya hewa. Uganda walishapita njia hii: kuanzia miaka ya 2000 serikali yao, kwa msaada wa Wajerumani, ilieneza jiko walilolipa jina la Roketi Lorena, ambalo mwili wake ni udongo wa kichuguu, lakini mahali panapopita moto panachanganywa na vumbi la mbao, maganda ya kahawa au vitu vya namna hiyo. Likichomwa, vitu hivyo vinaungua na kuacha matundu, na matundu yanazuia joto lisikimbie. Ilongero hakuna maganda ya kahawa. Kuna pumba za uwele na mtama, kuna maganda ya karanga, kuna maganda ya alizeti kwenye viwanda vidogo vya kukamua. Vichuguu navyo havihitaji kuagizwa.

Uchanganye nusu kwa nusu kwa ujazo, udongo wa kichuguu uliochekechwa na pumba zilizokauka, ufyatue tofali, ulianike kivulini mpaka likauke kabisa, kisha ulichome. Tofali zuri la chemba litakushangaza mkononi: linaonekana zito ukilitazama, ukilinyanyua ni jepesi kama mkate mkavu. Liangushe kwenye ndoo ya maji. Likielea kidogo kabla halijalowa, limefaa. Likizama kama jiwe, lipeleke kwenye benchi, huko ndiko kwao. Asiyetaka kufyatua anaweza kujenga chemba kwa vigae vyembamba vya udongo na kujaza majivu makavu nyuma yake. Majivu ni kizuizi kizuri cha joto, na yanapatikana kila asubuhi bila kununua.

Chuma nacho kisikudanganye. Bomba la chuma cha kawaida ndani ya moto wa roketi unaowaka vizuri halifiki mbali. Linababuka, linatoka magamba, linatoboka. Vijana wanaouza majiko ya bomba tupu wanauza kitu cha msimu mmoja au miwili. Isitoshe, ni mepesi mno kwa chakula chetu. Atakayesonga ugali wa uwele wa watu wanane juu ya bomba lililosimama kwenye miguu mitatu ya nondo ajiandae kuukusanya chini.

Baada ya chemba ndipo udongo mzito unapoingia kazini. Chukua benchi la kukalia au kulalia lenye urefu wa mita 2, upana wa nusu mita na kimo cha sentimita 30, ambalo moshi unapita ndani yake kabla ya kutoka nje. Hilo lina kama kilo 500 za udongo na mawe. Kulipandisha joto kwa nyuzi 30 kunahitaji megajuli 13 au 14. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina kama megajuli 16. Kwa hiyo, ukihesabu na joto linalotoroka na moshi, kilo moja na nusu hivi za kuni kavu, zikiunguzwa kwa moto mkali wa muda mfupi, zinalipasha benchi hilo. Likilitoa joto hilo kwa saa nane, linatoa wati zisizofika 500. Wachina wa kaskazini wamelalia vitanda vya namna hii kwa karne nyingi, wanaviita kang, na hawakusubiri roketi ya mtu.

"Basi wati 500 zitapasha nyumba nzima."

Hazitapasha. Nyumba ya vyumba viwili yenye bati tupu la mita za mraba 24 inapoteza, kwa kukadiria, wati 800 kupitia bati peke yake pale ndani panapozidi nje kwa nyuzi 5 tu. Hapo upepo unaopita kwenye mianya ya ukuta na kenchi haujahesabiwa, na kwa Singida huo ndio mwizi mkubwa. Benchi litamfaa aliyelala juu yake au kukaa ubavuni mwake. Chumba kizima hakitafika mbali mpaka pawepo dari, hata la viroba vilivyoshonwa na kupakwa chokaa, na mianya ya juu ya ukuta izibwe kwa udongo upande wa upepo. Mwenye laki moja ya kwanza aiweke kwenye dari. Jiko lije baadaye. Najua ushauri huu haufurahishi. Dari halina jina la kuvutia.

"Tembe ni ushamba. Anayetaka joto ajenge nyumba ya bati."

Hapa historia inatusuta. Tembe la Wanyaturu, kama la Wagogo, Wanyiramba na Wairaqw, lilikuwa na kuta nene na paa bapa la udongo lililolazwa juu ya nguzo na fito. Mchana udongo ule ulinyonya jua, usiku ukalirudisha ndani, na ndama na mbuzi waliolala humo nao waliongeza joto lao. Kwa hesabu ya joto tembe ni benchi la roketi ambalo mtu anaishi ndani yake. Kampeni za nyumba bora, Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na Operesheni Vijiji iliyofuata zilitaka madirisha, mwanga na nyumba zilizopangwa kwa mistari, na kwa afya zilikuwa na hoja. Tembe lilikuwa giza, lilijaa moshi, lilivuja mvua ikizidi, na kwenye nyufa zake papasi walijificha na kuambukiza homa. Sisemi turudi huko. Ila bati lilipopanda juu, blanketi la udongo liliondoka na hakuna aliyelirudisha. Bati linachoma saa nane mchana na kugandisha saa kumi alfajiri. Anayedai kuwa bati lina joto amelijaribu mchana tu.

Wenye tembe hadi leo wanahitaji moto mdogo sana. Wanachohitaji zaidi ni njia ya kuutoa moshi.

"Halitoi moshi, kwa hiyo halihitaji bomba."

Ningeweza kuwa mpole kwa madai mengine. Kwa hili siwezi. Jiko la roketi lililojengwa vizuri, likipata kuni kavu na mtu wa kulichochea, linatoa moshi kidogo unaoonekana. Kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki. Inazalishwa pale kuni zinapopungukiwa hewa, yaani mlango ukijazwa kuni kupita kiasi, majivu yakiziba chini, au moto ukiachwa ufifie kwa makaa usiku. Tena mara nyingi jiko la kupashia huachwa lififie hivyo hivyo, watu wakiwa wamelala na mlango umefungwa. Kila kipupwe tunasikia habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani na jiko la mkaa pembeni, Mbeya, Njombe, Iringa. Mkaa nao hauna moshi.

Hata pasipo kifo cha usiku mmoja, kupunguza moshi kidogo hakutoshi. Malawi ulifanyika utafiti mkubwa katika vijiji vya Chikhwawa na Karonga, na jarida la Lancet likachapisha matokeo mwishoni mwa 2016. Watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano walifuatiliwa. Kaya za kundi moja zilipewa majiko ya kisasa ya kuni yenye feni, nyingine zikaendelea na moto wa wazi. Nimonia haikupungua kwa waliopewa majiko. Majiko yale yalikuwa bora kiufundi kuliko chochote ambacho fundi atakuunganishia Ilongero.

Kwa hiyo bomba la moshi ni lazima, lenye upana usiopungua njia ya moto iliyotangulia, litoke nje kabisa, lipande mita moja hivi juu ya paa, na livalishwe kofia kwa ajili ya upepo. Bomba fupi linaloishia chini ya ukingo wa bati hurudishiwa moshi wake ndani. Mahali linapopenya paa la nyasi, au la tembe lenye fito, lisiguse fito wala nyasi yoyote. Pazungushiwe udongo na nafasi ya angalau shibiri moja kila upande. Na bomba likiwepo, dirisha dogo bado liachwe wazi kidogo. Moto unavuta hewa ya chumba, nawe unavuta hiyo hiyo.

"Mlango mkubwa, moto mkubwa."

Mlango mkubwa huingiza hewa baridi nyingi na kuni nyingi kuliko chemba inavyoweza kuunguza. Njia yote, kuanzia mlangoni hadi juu, iwe na eneo lile lile. Kwa jiko la kupikia la kaya, sentimita 12 kwa 12 zinatosha, na kimo cha chemba kiwe mara mbili na nusu hadi tatu ya hapo. Ndani ya mlango weka kipande cha bati au kigae kugawa juu na chini: kuni zilale juu, hewa ipite chini. Kuni zichomwe ncha, zisukumwe kadiri zinavyoisha. Na kwa upepo wa hapa, mlango wa jiko usitazamane na mlango wa nyumba, la sivyo ndimi zitakurudia usoni.

Baada ya mavuno watu wengi huchoma mabua ya mtama, uwele na alizeti, maana ndiyo yaliyopo. Yanafaa kwa roketi, ila yanaungua upesi na majivu ni mengi, kwa hiyo mtu akae hapo hapo. Kwa benchi, bora kuni za mgunga zilizopasuliwa unene wa kidole gumba na kukaushwa toka kiangazi.

"Kila jiko la roketi linaokoa msitu."

Linaokoa mgongo wa mama anayebeba mzigo, na hiyo peke yake inatosha kulitetea. Msitu ni hadithi nyingine. Mashariki ya hapa uko msitu wa Mgori, hekta 40,000 na kitu, ambao katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyouzunguka vilikabidhiwa kuusimamia kwa sheria ndogo zao na walinzi wao, muda mrefu kabla Sheria ya Misitu ya 2002 haijaipa njia hiyo nguvu nchi nzima. Waliuona unafyekwa kwa mashamba, unachomwa moto, unavunwa mbao na watu wa mbali. Kuni kavu za kuokota hazikuwa adui mkubwa. Anayeuza jiko kwa jina la msitu anakwepa kuzungumzia mashamba, na anakwepa pia mkaa unaopelekwa mjini.

Wala kuni si bure, kama wengine wanavyodai kwa upande wa pili. Ukizilipa kwa saa badala ya shilingi bado umezilipa, na anayelipa kwa kawaida si yule anayesema ni bure.

"Gesi inakuja, tusipoteze muda na kuni."

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ni jambo jema, na mwenye uwezo wa kujaza mtungi apikie gesi leo hii. Lakini tazama neno la mwisho katika jina la mkakati: kupikia. Hakuna atakayewasha mtungi wa kilo 6 kupasha chumba usiku kucha, na akithubutu atajuta kwa fedha na kwa hewa. Gesi ikishaingia jikoni, mafiga yatazimika, na swali la baridi litabaki likiwa uchi zaidi kuliko lilivyokuwa. Hapo ndipo benchi la udongo litakapohitajika, likitumika saa moja jioni na kuachwa.

"Chukua mchoro wa Marekani, fundi yeyote atalijenga."

Mchoro wa hita za udongo ambao Evans aliueneza baadaye una mdomo wa kuni unaosimama wima, njia fupi ya kulala, kisha mnara uliofunikwa kwa pipa la lita 200. Vipimo vyake vinakwenda kwa uwiano wa moja, mbili na nne: mdomo sentimita 30, njia 60, mnara 120. Kati ya kichwa cha mnara na kifuniko cha pipa panaachwa sentimita 5 hivi. Umebuniwa kwa nchi ambayo theluji inakaa miezi. Kwa miezi mitatu ya Ilongero pipa zima ni kubwa mno. Chumba kitakuwa tanuri saa mbili usiku. Mnara mfupi wa sentimita 80, mdomo wa 20, njia ya 40, na bamba la chuma juu lenye nafasi ya sufuria ya maji vinatosha, na benchi likae kama nilivyolieleza.

Atakayeng'ang'ania pipa ajue lilibeba nini. Pipa la mafuta lenye mvuke ndani hulipuka likikutana na moto wa kuchomelea. Lijazwe maji kabla ya kukatwa. Rangi yake iunguzwe nje, uwanjani, mbali na watoto. Pipa lililobeba dawa za mashambani lisiingie ndani ya nyumba kwa sababu yoyote.

Kabla ya kupaka tope, panga matofali makavu uwanjani, simamisha bomba, washa karatasi na vijiti. Moto ukivutwa ndani kwa mlio wa chini, vipimo viko sawa. Moshi ukirudi mdomoni, rekebisha hapo hapo, maana matofali bado yanahamishika. Kisha angalia kalenda. Kilo 500 za benchi bichi zina makumi ya lita za maji, na maji hayo lazima yatoke yote kabla benchi halijapasha mtu. Aliyejenga mwanzoni mwa Mei, mvua zikishakatika, upepo wa Singida utamkaushia bure. Aliyengoja Julai, akaanza kujenga huku anatetemeka, mizigo ya kuni ya wiki kadhaa itakwenda kukausha udongo, na majirani watasema roketi haifanyi kazi.